Pesa huzunguka, kiti hakizunguki

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana, hunikuta Kayole, kwenye ukumbi wa mabati unaokodiwa na kikundi cha akina mama. Mama mmoja huleta kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wengine watatu, na mwenye kisanduku hana hata mmoja. Asipofika mmoja wao, kisanduku hakifunguki, na aliyekosa bila sababu hulipa faini.

Nimekuwa mwezeshaji wa vikundi vya akiba vya wanawake huku Eastlands, Nairobi, kwa miaka 14. Mfumo wa kisanduku ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini. Ulipofika kwetu ulikuta watu waliozoea kusaidiana: Wakikuyu na ngwatio yao, Wakamba na mwethya. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Pesa zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, wanaotaka mkopo wanaukopa hapo hapo kwa udhamini wa wenzao, na mwaka ukiisha mnagawana. Ukikaa pale saa mbili utaona bajeti, kumbukumbu, ugomvi ukisuluhishwa, na mkopaji mzembe akiulizwa maswali ambayo bunge la kaunti lingeyaogopa. Kazi ya uongozi wanaijua. Lakini uchaguzi ukifika, hao hao huenda kupiga makofi kwenye mikutano ya wanaume.

Nimejiuliza sana kwa nini, na sababu ya kwanza niliyoiona imo ndani ya vikundi vyenyewe. Pesa huzunguka, kiti hakizunguki. Nimekuta vikundi vyenye mwenyekiti yule yule tangu siku ya kwanza. Mara nyingi si kwamba ameng'ang'ania, wenzake ndio humwambia, "Endelea tu, mama, wewe ndiye unayejua." Watajuaje na wao, kama hawajawahi kukikalia? Basi naomba jambo moja, hata nikimuudhi mtu: waandike kwenye katiba ya kikundi kwamba mwenyekiti ana miaka miwili tu, na kwamba katika kila mikutano mitatu, mmoja uongozwe na naibu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inakitaka kikundi kiwe na katiba, kwa hiyo karatasi ipo tayari. Pale Kayole, katibu aliyechaguliwa kwa utaratibu huo wa kupokezana alisoma kumbukumbu mara ya kwanza huku karatasi ikitetemeka mkononi. Kufikia mkutano wa tano alikuwa akimkatiza mwenyekiti aliyetoka nje ya ajenda.

Sheria ya nchi imefungua mlango nusu. Katiba ya 2010, Ibara ya 81, inasema wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge la kitaifa lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza hilo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Kwenye mabunge ya kaunti pengo huzibwa kwa viti maalumu baada ya kura, na wanaovikalia hudharauliwa kana kwamba wameokota. Nairobi ilipata meya mwanamke, Margaret Kenyatta, mwaka 1970. Kwa ugavana, Ann Kananu aliapishwa Novemba 2021 baada ya mtangulizi wake kuondolewa. Kwa kura ya wananchi, Nairobi bado haijamchagua gavana mwanamke.

Sababu ya pili ni usiku. Mama mmoja wa kikundi hiki, muuza mitumba, aliamua kutafuta kiti cha wadi katika bunge la kaunti. Wenzake walimwambia tutakuombea, na waliomba kweli. Lakini vikao vya chama alichojiunga nacho vilianza saa tatu usiku, kwenye hoteli za katikati ya jiji, na huko ndiko orodha za wagombea zilikopangwa. Ana watoto watatu. Akiondoka, nani atalala nao? Akirudi saa saba usiku, nani atamsindikiza kutoka stejini? Alikosa vikao viwili, na cha tatu akakuta mambo yamekwisha kuamuliwa.

Hapo ndipo tulipofungua daftari la zamu. Kila usiku wa kikao kulikuwa na jina la wa kulala na watoto, jina la wa kumsindikiza, na jina la wa kukaa kwenye kibanda chake kesho yake ili alale kidogo. Asiyefika kwenye zamu alitozwa faini, sawa na aliyekosa mkutano. Bibi mmoja mzee alitukumbusha akina mama wa 1992, waliokaa Uhuru Park wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Polisi walipowatimua, walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima. "Mmoja wao angekaa peke yake wiki moja?" alituuliza.

Tiketi ya chama hakuipata. Akasimama kama mgombea huru, na kikundi kikamtolea mawakala wa kulinda kura zake vituoni. Nataka mnielewe vizuri hapa: mwanamke aliyezoea kuhesabu noti mbele ya macho ishirini ndiye wakala bora kabisa. Walikaa hadi hesabu ya mwisho, wakalinganisha kila tarakimu kwenye Fomu 36A, ile ya matokeo ya kituo, kabla ya kutia sahihi, wakadai nakala zao na kuhakikisha nyingine imebandikwa mlangoni pa kituo. Alfajiri walijumlisha nakala hizo juu ya kisanduku. Walijua kuwa wameshindwa, na kwa kura ngapi, kabla ya kutangaziwa.

Mkutano uliofuata alikuja, akanunua hisa tatu, akaomba daftari la zamu. Alifungua ukurasa mpya na kuandika juu jina la yule katibu. Zamu za kulala na watoto wa katibu huyo zimeanza kujazwa kwa ajili ya mchujo wa 2027.