Si ndoo za nyumbani zinazokausha mito

Mgawo wa maji ukianza, lawama huangukia majumbani: mnaoga sana, mnafua sana. Wengi huamini matumizi ya nyumbani ndiyo yanayomaliza mito. Sivyo. Duniani, takriban asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa mitoni, maziwani na ardhini huenda kwenye kilimo. Viwanda huchukua chini ya asilimia 20, na majumbani hubakiwa na sehemu ndogo zaidi.

Utazame mto Ruaha Mkuu, Tanzania. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibanana kwenye madimbwi. Juu yake kuna bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ambako mifereji hupeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya mpunga huhitaji kama lita 2,500, mvua ikihesabiwa. Mtu anayetumia lita 50 kwa siku angekaa nazo siku 50.

Simlaumu mkulima, wali huo tunaula sote. Tatizo kubwa ni mifereji ya udongo inayovujisha maji njiani, na ile inayoachwa wazi hata baada ya mavuno.

Na mabwawa ya umeme yaliyo kwenye mto huohuo, Mtera na Kidatu? Mitambo haiyali maji. Huzungushwa nayo, kisha maji huendelea na safari, ingawa kiasi fulani hugeuka mvuke kwa jua yakiwa bwawani.