Huhitaji joho kuketi kwenye benchi letu

Vyuo vikifungwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, natamani kujitolea kituoni kwenu, ila sijasoma sheria." Jibu langu huwa ni swali. Unaweza kukaa kimya dakika ishirini mtu akikusimulia jambo ambalo lilianza tangu babu yake? Kama unaweza, njoo Jumatatu.

Vijana wengi hudhani kituo cha msaada wa kisheria ni mahali pa mawakili. Kwetu wakili ni mmoja, na mara nyingi yuko safarini. Wanaoketi na watu ni wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya mwaka 2017 inawatambua: wanaelimisha, wanamwelekeza mtu kwenye chombo kinachohusika, wanamsaidia kupata nyaraka. Kumwakilisha mtu mahakamani si kazi yao, na kumtoza hela ni marufuku. Wewe unayejitolea ukiwa bado hujapata mafunzo hayo unakaa pembeni yao. Unapokea watu, unaandika maelezo, unasoma barua, unahesabu siku.

Hiyo hesabu ya siku msiidharau. Aliyeachishwa kazi akiona ameonewa ana siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mwaka juzi alikuja dereva mmoja siku ya 41. Alikuwa nyumbani anasubiri bosi apoe, maana bosi alimwambia "tutaongea". Ikabidi kwanza aombe kusamehewa kuchelewa, na aeleze sababu zenye mashiko, kabla hata hajasikilizwa kuhusu kazi yenyewe. Angekutana mapema na kijana yeyote anayeijua hiyo namba 30, asingefika huko. Hakuhitaji mwenye shahada.

Mimi mwenyewe nilishakosea, nikamwelekeza mtu mlango usio wake. Nikiwa mgeni kwenye kazi hii, nilimtuma mzee mmoja mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba moja kwa moja mjini, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akapanda basi asubuhi, akarudi jioni na karatasi zake vilevile. Alitakiwa aanzie kata. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu. La wilaya halikupokei mpaka la kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite tangu ulipofungua shauri kata bila kusuluhishwa. Mzee hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, siku nyingine uliza kwanza." Nauli nilimrudishia, ila aibu ile ninayo mpaka leo.

Halafu kuna mirathi, na hapa ndipo vijana mnatupita sisi wakubwa. Mjane anafika na muhtasari wa kikao cha ukoo ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari, cheti cha kifo hana. Siku hizi maombi ya cheti hufanyika mtandaoni kwa mfumo wa eRITA, wa wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Bibi wa miaka sabini atafungua akaunti wapi? Wewe unayo simu mkononi. Hapo nje ya mahakama kuna vishoka wanaomwandikia fomu kwa bei wanayojipangia wao, na wakishalipwa hawamwambii kwamba akiteuliwa msimamizi na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni ya marehemu. Wengi wanadhani barua ya usimamizi ndiyo mwisho wa safari.

Jambo moja sina masihara nalo: siri. Mtaani kwetu tunajuana, na utakuja kumpokea mke wa mjomba wako akiwa na jicho limevimba. Mkiwa ndugu, mpishe mwenzako ashike shauri hilo. Na lolote ulilosikia ndani lisionekane kwenye status, hata kwa mafumbo. Nilishamwondoa kijana hodari sana kwa picha moja ya "tunahudumia jamii" iliyoonyesha sura ya mteja.

Mshahara hakuna. Vituo vingine hutoa nauli, vingine chai ya saa nne, vingine hata hiyo hakuna, na kijana anayelea wadogo zake simlaumu akikataa. Nusu siku kwa wiki inatosha. Bora uje kila Alhamisi kuliko uje wiki nzima kisha upotee, watu wakija kukuulizia.

Kama hujui kituo kilicho karibu nawe, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, au ofisi ya kata. Ukija, beba daftari na kalamu mbili. Moja huwa inaondoka na mteja.