Programu ya saa za kazi haihitaji intaneti muda wote

Wengi hukataa kurekodi saa za kazi kwa simu wakiamini kwamba data ikiisha, hesabu inakufa. Si kweli. Programu iliyoundwa vizuri huhifadhi ndani ya simu saa uliyoanza kazi na saa uliyomaliza, kisha hutoa tofauti. Mtandao ni wa kutuma rekodi tu, hata jioni.

Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyotulia huzilaza programu zilizo nyuma ya skrini ili kuokoa betri. Ile inayohesabu sekunde moja moja husimama nazo. Ijaribu kabla ya kulipia: anza kurekodi, weka hali ya ndegeni, funga skrini kwa dakika 30, kisha zima na uwashe simu. Ikionyesha pungufu ya 30, iache. Inayofuatilia mahali ulipo kwa GPS iruhusu pia itumie betri bila kizuizi, la sivyo ramani itakuwa na mapengo.

Tanzania saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara 1.5. Dakika zinazopotea ni mshahara wa mtu! Hakikisha pia rekodi zinaweza kutolewa kama jedwali, ubaki na nakala yako.