Vifaa vya kupima na kuchochea ubongo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Zamani vifaa vinavyogusa kazi za ubongo bila kupasua fuvu vilikuwa vya maabara na hospitali kubwa. Leo vingine vinauzwa mtandaoni kama mikanda ya kuvaa kichwani, na anayevinunua mara nyingi ni mtu mwenye sonona aliyechoka na dawa, au mzazi wa mtoto asiyetulia darasani. Watu hawa wanastahili kuelezwa ukweli.

Dhana: Kofia yenye elektrodi husoma mawazo

Kofia hiyo ni ya EEG, kipimo kinachotumia elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme vinavyogusa ngozi ya kichwa. EEG hunasa umeme hafifu unaotoka kwa seli nyingi mno za neva zinapofanya kazi kwa pamoja karibu na uso wa ubongo. Hans Berger aliunasa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani. Ukishapita fuvu na ngozi, umeme huo hubaki makumi ya mikrovolti tu. Mtu akifumba macho, mawimbi ya alfa hujitokeza kisogoni, takriban 8 hadi 12 kwa sekunde. Akipepesa jicho, mistari ya mbele ya mchoro huruka juu, kwa sababu umeme wa mpepeso unaumeza ule wa ubongo. Akiuma meno, misuli ya taya huchafua karibu kila kitu. Mkanda wa bei nafuu uliofungwa kwenye paji la uso umekaa mahali penye vurugu zote hizo.

Hata hivyo EEG ni kifaa cha thamani. Husaidia kutambua kifafa na hatua za usingizi. Aliyepooza anaweza kuandika kwa kutazama herufi zinazomulikwa kwenye skrini, kwa kuwa ubongo wake huitikia herufi anayoingojea baada ya takriban milisekunde 300. Hapo mashine imetambua mwitikio wa jambo lililopangwa kabla, na mhusika ameshirikiana nayo kwa hiari. Siri zake ziko salama.

Dhana: fMRI ndiyo bora kuliko zote

Inategemea unatafuta nini. fMRI, skana kubwa ya sumaku, hufuatilia oksijeni kwenye damu ya ubongo, njia iliyoelezwa na Seiji Ogawa mwaka 1990. Inaonyesha mahali kwa usahihi wa milimita chache, hata ndani kabisa ya ubongo, lakini damu huchukua sekunde 5 hivi kufikia kilele, ilhali seli zimeshamaliza mazungumzo yao kitambo. EEG inajua lini, haijui vizuri wapi. MEG hupima usumaku wa ubongo, ambao fuvu haliuvurugi sana, kwa hiyo hukisia mahali vizuri kuliko EEG bila kupoteza kasi. Tatizo ni kwamba usumaku huo ni dhaifu mno, kwa hiyo huhitaji chumba maalumu kinachozuia usumaku wa nje. Njia ya mwanga, fNIRS, huishia kwenye tabaka la juu la ubongo, lakini mtoto mchanga anaweza kupimwa nayo akiwa amepakatwa.

Picha zenye rangi za fMRI huwashawishi watu kupita kiasi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki mfu aina ya samoni ndani ya skana, “wakamwonyesha” picha za watu, na hesabu ambazo hazikusahihishwa kuondoa matokeo ya bahati tu zikatoa vidoa vya “shughuli” kichwani mwake. Rangi zile hutokana na takwimu. Si picha ya wazo.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha: nywele nene zilizojisokota huzuia elektrodi kushika ngozi, na nywele na ngozi nyeusi hupunguza mwanga wa fNIRS. Kwa hiyo wapo walioachwa nje ya tafiti. Hiyo ni kasoro ya vifaa, na ni juu ya wabunifu kuirekebisha.

Dhana: Kuchochea ubongo ni kupigwa shoti

Wengi huchanganya njia tatu. Tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanza Roma mwaka 1938, huleta degedege kwa makusudi. Siku hizi mgonjwa hupewa nusukaputi kwanza, na tiba hiyo bado huokoa wenye sonona kali. TMS, uchochezi wa ubongo kwa sumaku, ni nyingine kabisa. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliionyesha mwaka 1985: koili huwekwa juu ya kichwa, hutoa pigo fupi la sumaku, na mgonjwa yuko macho. Daktari hutafuta kwanza sehemu inayofanya kidole gumba kishtuke, ndipo apange nguvu ya tiba. Marekani iliiruhusu kwa sonona mwaka 2008. Mwenye chuma kichwani karibu na koili hafai kupewa, na degedege, ingawa ni nadra, huweza kutokea.

Ya tatu ni tDCS, mkondo dhaifu wa umeme unaopitishwa kwa elektrodi za kichwani, miliampea 1 au 2 tu. Hailazimishi seli kufyatua ishara. Huzisogeza kidogo karibu au mbali na kufyatua, na sehemu kubwa ya mkondo hupotelea kwenye ngozi.

Dhana: Ukiongeza umeme, faida inaongezeka

Katika utafiti wa tDCS wa Göttingen, Ujerumani, uliochapishwa 2013, mkondo ambao kwa miliampea 1 hutuliza sehemu ya ubongo inayoongoza misuli uliichangamsha ulipopandishwa hadi 2. Kwa sababu za namna hii, mwaka 2016 watafiti kadhaa waliwaandikia barua ya wazi wanaojiunganishia betri nyumbani: mkondo hauishii chini ya elektrodi, watu huitikia tofauti, na uwezo mmoja unaweza kupanda huku mwingine ukishuka.