D+ ya Hereditary: wahakiki na watazamaji hawakupima kitu kimoja

Filamu ya kutisha ya Hereditary ilipoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 8 Juni 2018, wahakiki walikuwa wameshaisifu tangu Januari, ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance. Ijumaa hiyo watazamaji waliolipa viingilio wakaipa D+. Tangu hapo alama hiyo haikosi kutajwa kila ubishi unapozuka: huyu anaona ni ushahidi kwamba wahakiki ni watu wa kujidai, yule anasema watazamaji hawajui filamu. Mimi kazi yangu ni kuhariri filamu, na naona wote wanaisoma alama hiyo vibaya.

Tahadhari kwanza: nitasema nani anakufa. Kama hujaitazama, ishia hapa.

D+ hiyo ilitolewa kupitia CinemaScore, kampuni ya Las Vegas inayowagawia watu kadi usiku wa kwanza wa filamu ili waipe alama kati ya A na F. Wanaoenda usiku wa kwanza ni wale waliovutwa na trela, kwa hiyo kadi ile hupima hasa kama mtu amepata alichoahidiwa. Sasa kumbuka trela ya Hereditary. Charlie yupo mbele kabisa, binti wa miaka 13 mwenye sura ya upweke, anayealisha ulimi mdomoni. Matangazo yakaifananisha na The Exorcist ya mwaka 1973. Mtu akakaa kitini akijua anachokuja kuona: mtoto atapandwa na pepo, wazazi watahangaika, padri ataitwa.

Baada ya kama nusu saa, Charlie anakufa. Ametoa kichwa nje ya dirisha la gari kutafuta pumzi, na nguzo ya kando ya barabara inakikata.

Tukio hili ningelifundishia wanafunzi wiki nzima. Baada ya kile kishindo hatuonyeshwi mwili. Kamera inabaki kwenye uso wa Peter, kaka yake aliyekuwa akiendesha. Hathubutu kugeuka. Anaendesha hadi nyumbani, anaingia chumbani, analala. Kunakucha, bado tunamtazama yeye, macho wazi, na kila kitu kingine tunakipata kwa masikio: mama anaelekea kwenye gari, kisha ukelele. Ndipo picha inakatika na tunakiona kichwa barabarani, sisimizi wamekijaa, huku mama bado analia. Mwongozaji Ari Aster, ambaye hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, na wahariri wake Jennifer Lame na Lucian Johnston walijizuia mahali ambapo wengi wetu tungeharakisha kukata.

Filamu nyingi za mashetani humkaza mtazamaji kisha zikamwachia. Mlango unafunguka, muziki unalipuka, watu wanaruka vitini halafu wanachekana. Ile cheko ni sehemu ya raha waliyoilipia. Aster anakaza tu. Hata mama anapoonekana amejibana juu ukutani, kwenye kona yenye giza nyuma ya Peter, hakuna mlio wa kukustua. Kila mtu anamwona kwa wakati wake, na wengine hawamwoni kabisa. Mhakiki aliyetazama filamu mia za kuruka vitini anashukuru. Aliyetoka kazini Ijumaa akitafuta kuruka na kucheka anahisi kadhulumiwa, na simlaumu.

Lakini alama mbaya si lazima iue filamu. The Devil Inside ya 2012, nayo ya kupandwa na mapepo, ilipata F. Ilianza na zaidi ya dola milioni 33, na wikendi ya pili mapato yakaporomoka kwa zaidi ya theluthi mbili. Pale watu walikasirika kwa haki: hadithi inakatika ghafla kwenye ajali ya gari, kisha maandishi yanakutuma kwenye tovuti ukasome zaidi! Hereditary ilipungua kwa karibu nusu tu, jambo la kawaida kwa filamu za kutisha, na ikaingiza kama dola milioni 44 Marekani na Kanada kwa gharama ya milioni 10 hivi. Kuna watu walitoka wamenuna na bado wakawaambia wenzao waende.

Toni Collette, aliyeigiza mama, alipata tuzo ya Gotham, lakini Oscar hawakumteua hata kuwania. Hilo bado linaniudhi.

Ninapotofautiana na wahakiki ni mwisho. Paimon, shetani wa filamu hii, hakubuniwa na Aster. Ni mfalme anayetajwa katika Ars Goetia, kitabu cha uchawi cha karne ya 17. Alama yake imepachikwa kimyakimya kwenye mkufu wa bibi yake Charlie, hata kwenye ile nguzo iliyomuua Charlie. Filamu inamwamini mtazamaji kwa saa mbili, kisha kwenye kibanda cha juu ya mti Joan, mfuasi wa Paimon, anamvisha Peter taji na kumweleza yeye ni nani, kwa nini mwili wa kwanza, wa Charlie, haukufaa na nini kimerekebishwa. Wengi walilalamika kwamba mwisho haueleweki; mimi naona unaelezwa mno. Ningekuwa kwenye meza ile ya uhariri, maneno ya Joan ningeyapunguza yabaki nusu, na taji ningeliacha.