Gemu za zamani: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Mpwa wangu ana miaka 14. Jumamosi moja nilimkuta barazani kajikunyata na simu, vidole gumba vinakwenda mbio juu ya kioo, anacheza mpira wa PSP, ile mashine ndogo ya Sony iliyotoka Japani mwaka 2004, miaka mingi kabla dada yangu hajamzaa. Jezi zilikuwa za msimu huu na wachezaji wa msimu huu, lakini chini ya jezi hizo gemu ni ileile ya zamani. Mashabiki ndio walioishonea nguo mpya. Nikamuuliza mbona hachezi za kisasa. Akanijibu bila kuinua macho: "Mjomba, hii tamu."

Nimecheza gemu tangu enzi za kaseti za kuchomeka kwenye mashine, na muda wote huo nimesikia tunaorudi kwenye za zamani tukielezwa kana kwamba tuna kasoro fulani. Mengi yanayosemwa si kweli. Nayajibu hapa kwa sababu nazipenda gemu hizi, na inauma kuona kitu ukipendacho kinaelezwa vibaya.

Dhana: Wanaozirudia wanautafuta utoto wao

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Gemu za zamani zinatiwa kapu moja na nyimbo za zilipendwa: mtu anaiwasha, anakumbuka shule ya msingi, moyo unalainika, basi.

Kumbukumbu ipo, sikatai. Ila kazi yake ni kukufikisha mlangoni tu. Mtu anayefuata kumbukumbu peke yake atacheza dakika kumi, atatabasamu, atazima. Anayerudi kesho na keshokutwa ameona kwamba gemu ile bado ina kitu hajakimaliza.

Itazame Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka kutoka juu. Alexey Pajitnov aliibuni Moscow katikati ya miaka ya 1980, na toleo la mashine ya NES ya Nintendo likatoka mwaka 1989. Katika toleo hilo, ukifika hatua ya 29 kipande kinashuka safu moja kwa kila picha, na mashine inachora picha 60 hivi kwa sekunde. Uwanja una safu 20. Hesabu yake ni kwamba kipande kinatoka juu hadi chini kwa theluthi ya sekunde, na hata ukikandamiza kitufe cha kukisogeza pembeni bila kuachia, hakiwahi kufika ukutani. Kwa miaka mingi wachezaji walikubaliana kuwa hapo ndipo mwisho wa binadamu.

Kisha wakatokea waliojifunza kuutetemesha mkono mpaka kidole gumba kikabonyeza zaidi ya mara kumi kwa sekunde, wakapita. Baadaye ikaja mbinu ya ajabu zaidi. Kidole gumba kinatulia juu ya kitufe bila kubonyeza chochote, halafu vidole vya mkono wa pili vinapiga mgongo wa pedi kimoja baada ya kingine, kama mtu anayegongagonga meza akisubiri chai. Kila pigo linaisukuma pedi ikutane na kidole gumba. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, alicheza kwa mbinu hiyo hadi hatua ya 157, na gemu yenyewe ikaganda. Tangu 1989 hakuna binadamu aliyekuwa ameifikisha hapo. Miaka mitano nyuma yake, kwenye fainali ya mashindano ya dunia ya Tetris hiyohiyo, Joseph Saelee wa miaka 16 alimshinda Jonas Neubauer, bingwa mara saba. Hawa vijana wana kumbukumbu gani ya mwaka 1989?

Huku kwetu wazee wanakaa chini ya mwembe na bao lao, mashimo 32 na kete 64, jioni hadi jioni. Hakuna anayesema wanalilia utoto. Tunasema bao ni mchezo wenye kina na wale ni mafundi wake. Heshima hiyohiyo naiombea Tetris, na naiombea gemu ya mpwa wangu.

Dhana: Mpya ndiyo bora, maana picha zake ni kali

Novemba 2021 kampuni ya Rockstar ilitoa upya gemu zake tatu za GTA, yaani GTA III, Vice City na San Andreas, katika kifurushi kimoja, picha zikiwa zimepigwa msasa. Watu walisubiri kwa hamu. Walichopata ni sura za watu zilizoharibika, mvua ya michirizi myeupe iliyoziba macho, na mabango ya maduka yaliyokosewa herufi. Kampuni iliomba radhi, na matoleo ya zamani iliyokuwa imeyaondoa ikayarudisha kwenye duka lake la gemu za kompyuta. Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, kampuni ya Konami ilikuwa imeliacha jina la PES, gemu yake ya mpira, na kuleta eFootball, nayo ikalazimika kuomba radhi karibu mara moja.

Nikisikia PES nakumbuka ile ya 6, ya mwaka 2006. Banda letu lilikuwa na TV tatu za kichogo, benchi moja la mbao, na saa ya ukutani iliyoamua ugomvi wote. Kila pedi tuliijua kwa ugonjwa wake: hii kitufe cha R1 kinanasa, ile mshale wa kushoto mpaka uukandamize kwa kucha. Liverpool iliandikwa Merseyside Red na Chelsea ikaitwa London FC, kwa kuwa Konami haikuwa na leseni ya majina yao, na hakuna aliyejali hata kidogo. Tulichojali ni mpira wenyewe. Ukipiga wakati mwili wa mchezaji haujageuka, shuti linatoka laini, kipa anadaka. Ukisubiri nusu sekunde Adriano wa Inter ageuke, mpira uje mguu wake wa kushoto, ukakibana kitufe kidogo, hapo benchi zima linasimama kabla wavu haujatikisika. Hisia ile haikuwa kwenye picha. Ilikuwa kwenye muda kati ya kidole na mpira, na matoleo mengi yaliyofuata yalibadilisha muda huo kwa kuongeza madoido.

Kuna jambo la kiufundi pia, na wengi hawaambiwi. Wachoraji wa enzi zile walichora wakijua kazi yao itaonekana kwenye TV ya kichogo, ambako nukta zinayeyukiana na kingo zinalainika. Ukiichomeka mashine hiyohiyo kwenye TV bapa, mchoro unageuka vigae vya bafuni. Isitoshe, TV bapa nyingi huichakata picha kwanza ndipo ziionyeshe, hivyo unabonyeza kitufe na mruko unachelewa. Ile bunduki ya Duck Hunt, gemu ya bata, haifanyi kazi kabisa kwenye TV bapa, kwa sababu ilibuniwa kuufuata mwanga wa TV ya kichogo unavyowaka. Kwa hiyo anayesema "nilijaribu tena, kumbe ilikuwa mbovu" huenda hakucheza tulichocheza sisi.

Dhana: Wanaozirudia hawana pesa ya mpya

Tuseme wazi: kwetu pesa inahusika. Gemu mpya inakula makumi ya GB, na mtu wa bando la siku haoni njia. Diski ya PSP ilibeba GB 1.8, haikuzidi hapo, na tangu mwaka 2012 programu ya PPSSPP, kazi iliyoanzishwa na Henrik Rydgård, imewezesha gemu hizo kuchezwa hata kwenye simu ya bei ya chini. Ukishaipakua, unacheza bila intaneti, bila kuombwa kuongeza chochote. Sioni aibu yoyote hapo.

Lakini umaskini hautoshi kulieleza jambo hili, kwa maana wapo waliolipa ili warudi. Mwaka 2013 Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza, iliwauliza wachezaji wa RuneScape, gemu yake ya mtandaoni, kama wanataka irudishwe gemu ilivyokuwa Agosti 2007, kutoka kwenye nakala iliyokuwa imehifadhiwa. Zikapigwa kura zaidi ya 400,000. Ikarudishwa kwa malipo ya kila mwezi, na leo toleo hilo la zamani lina wachezaji wengi kuliko lile jipya linaloendeshwa na kampuni hiyohiyo. Mwaka 2013 huohuo, mkuu mmoja wa World of Warcraft, gemu nyingine ya mtandaoni, aliulizwa na shabiki kama watairudisha gemu ya mwanzo. Akajibu kwamba mnadhani mnaitaka, lakini hamuitaki. Agosti 2019 kampuni yake ikaitoa, na wachezaji wanaolipa ada wakapanga foleni ya saa kadhaa kuingia kwenye seva, zile kompyuta za kampuni zinazoiendesha gemu.

Jibu lile la 2013 bado linaniudhi. Mtu akikuambia anachokipenda, mwamini kwanza.

Dhana: Za zamani zilikuwa rahisi, za watoto

Aliyesema hivi hajacheza Contra, gemu ya kupigana kwa risasi. Una roho tatu, risasi moja inakuua, na hakuna kusevu. Ugumu ule ulikuwa na asili yake. Gemu nyingi zilizaliwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, na mashine ya sarafu inaishi kwa mteja kufa haraka. Zilipohamia nyumbani, kaseti zilikuwa na nafasi ndogo mno. Super Mario Bros. ya 1985 nzima ni KB 40, ndogo kuliko picha moja unayotumiwa kwenye simu leo, na ndiyo maana mawingu na vichaka vyake ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Hatua zilikuwa chache, basi ugumu ndio uliozirefusha.

Hata waliozitengeneza zilikuwa zikiwashinda. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa akiihamishia Gradius, gemu ya chombo cha anga, kwenye mashine ya Nintendo mwaka 1986, na kila akiijaribu anakufa. Akajiwekea mlango wa siri wa vitufe: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Kampuni ikaendelea kuutumia, na kwenye Contra ndio uliotupa roho 30. Mtaani kwetu tulifundishana kwa mdomo, mkubwa kwa mdogo, bila kujua nani aliutunga.

Dhana: Kaseti ikigoma, ipulize

Sote tulipuliza. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, chuma kikapata kukutana na chuma. Pumzi ya mdomo ina unyevu, na unyevu unaleta kutu kwenye yale meno ya shaba. Nintendo yenyewe iliwaonya watu wasipulize. Pamba ya masikio na spiriti kidogo, ikauke vizuri, inatosha.

Dhana: Zipo tu, ukizitaka utazipata

Hapa ndipo ninapoogopa. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayoitwa Video Game History Foundation ilichapisha utafiti: kati ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010, asilimia 87 hazipatikani tena madukani kihalali. Machi mwaka huohuo Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U, na gemu zilizouzwa humo tu zikabaki bila mlango.

Hata ile uliyoinunua inaweza kubadilishwa ukiwa umelala. San Andreas ilipofikisha miaka kumi, mwaka 2014, leseni za baadhi ya nyimbo za redio zake zilikwisha, na masasisho ya toleo la kompyuta yakazifuta. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilihitaji seva hata kwa anayecheza peke yake. Seva zilizimwa Machi 31, 2024, na waliolipa pesa zao wakabaki na boksi. Hasira hiyo ilizaa kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likavuka sahihi milioni moja mwaka 2025.

Programu za kuiga mashine, kama hiyo ya mpwa wangu, watu huziita wizi moja kwa moja. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, iliamua kwamba kutengeneza programu ya namna hiyo kunaruhusiwa. Kunakili gemu ya mtu bila ruhusa ni suala jingine, na watengenezaji wana haki yao. Ila gemu isipouzwa popote, na mwenye nayo hana habari nayo, kwa sehemu kubwa ni mashabiki wanaoibeba mgongoni isizame.

PS2, mashine ya Sony, iliacha kutengenezwa mwaka 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 150. Yangu bado inawaka, ingawa lenzi imechoka na diski nyingine inazungushwa mpaka ikubali. Juzi mpwa wangu alinisaidia kuhamisha faili za memori kadi, ile ya MB 8, kwenda kwenye flashi, maana nazo hufa bila kuaga. Tulipomaliza akaomba aione Master League yangu, ligi ya PES yenye wachezaji wa kubuni. Tukasubiri kidogo, herufi zikajitokeza kwenye TV ya kichogo: Ivarov golini, Minanda katikati, Castolo mbele. Akavuta kigoda, akashika pedi ya pili.