Kutoa kazi bure mtandaoni: mambo ambayo mbunifu aamue kabla ya kupakia

Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alifika katika kitengo chetu cha ushauri wa hakimiliki akiwa na kijitabu mkononi. Jalada lake hakulijua, lakini mazoezi ya ngeli yaliyokuwa ndani aliyajua vizuri, kwa sababu aliyatunga mwenyewe usiku baada ya kusahihisha madaftari, kisha akayatuma bila malipo katika kundi la walimu la WhatsApp. Hata kosa la chapa katika swali la saba, ambapo vidole vyake viliteleza vikaandika "viti kimevunjika", lilikuwa limebaki vilevile. Jina lake halikuwamo popote. Kijitabu kilikuwa kikiuzwa shilingi 5,000, naye alikuwa amelipa fedha hizo ili apate nakala ya kutuonyesha.

Aliniuliza ikiwa alipoteza haki yake siku ile alipogawa kazi hiyo bure. Jibu ni hapana, na ningependa kila mwandishi, mwanamuziki, mchoraji na mwalimu wa Uganda alijue. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inailinda kazi ya mtunzi tangu inapoandikwa, kurekodiwa au kuchorwa, bila kumdai aisajili kwanza, na ulinzi wa haki zake za kiuchumi, yaani za kunufaika na mauzo na matumizi ya kazi, unadumu katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtunzi inadumu hata zaidi ya hapo. Kumruhusu mtu asome au asikilize bila kulipa hakumpi ruhusa ya kuchapa, kuuza, wala kufuta jina la mwenye kazi.

Hata hivyo, haki kuwapo na haki kupatikana ni mambo mawili. Mwalimu wetu hakuwa na tarehe iliyoandikwa kwenye mazoezi yale, simu aliyotumia kuyatuma ilikwisha kuharibika, na kurasa zenyewe hazikuwa na jina. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika shughuli hii daftari ni faili ya kwanza yenye tarehe, barua pepe uliyojitumia, au cheti cha usajili kutoka Ofisi ya Huduma za Usajili ya Uganda, URSB. Usajili huo ni wa hiari, lakini mgogoro unapofika mahakamani huwa ni ushahidi mzito.

Baada ya kisa kama hicho mtu anaweza kudhani kwamba namshauri mbunifu afunge kazi yake kabatini. Siamini hivyo hata kidogo. Kazi isiyojulikana haiibiwi, lakini pia hainunuliwi. Isaac Nabwana, mtengeneza filamu wa Wakaliga hapa Kampala, alikuwa akiuza filamu zake mkono kwa mkono kwenye diski, akishindana na wanaonakili. Mwaka 2010 dondoo fupi ya filamu yake moja ya mapigano iliwekwa kwenye YouTube, ikatazamwa na watu wengi wa nchi ambazo diski zake zisingefika kamwe. Mwaka 2015 kundi lake lilipoomba mchango mtandaoni wa dola 160 tu kwa ajili ya filamu nyingine, lilipata zaidi ya dola 13,000. Tazama kwamba kilichotolewa bure mwanzoni kilikuwa dondoo, nacho kilifungua mlango wa kitu kingine. Kuna upande wa pili wa kisa hicho ambao wabunifu vijana wanapaswa kuujua: faili za awali za filamu ile ya mapigano zilipotea, kwa kuwa kompyuta haikuwa na nafasi na ilibidi zifutwe ili kazi nyingine itengenezwe. Nakala iliyo mtandaoni haichukui nafasi ya nakala yako mwenyewe.

Ziko pia kazi zinazofaa kutolewa bure kabisa, bila kutarajia mauzo. Mradi wa African Storybook, ambao Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zake za majaribio, umekuwa ukitoa hadithi za watoto mtandaoni tangu 2014 kwa leseni huria, hivyo hadithi iliyoandikwa katika lugha moja hutafsiriwa na walimu katika lugha nyingine na kuchapwa bila kuomba kibali upya. Kwa lugha zetu ambazo wachapishaji wanaona soko lake ni dogo, njia hii imewapa watoto vitabu ambavyo pengine wasingeviona. Kiswahili nacho kina uhitaji huo, hasa tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia Julai 2022 kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, wakati walimu wengi hawana vitabu vya kutosha.

Leseni hizo, maarufu kwa jina la Creative Commons, zilianza kutolewa mwaka 2002 nazo ziko sita. Zote zinataka mtunzi atajwe. Baadhi zinakataza biashara, baadhi zinakataza kubadilisha kazi, na baadhi zinamtaka anayeibadilisha aitoe kwa masharti yaleyale. Jambo ambalo wengi hawalisomi ni kwamba leseni hii haiwezi kurudishwa nyuma. Unaweza kuacha kuitoa kazi kesho, lakini aliyeipata jana kwa leseni ile ataendelea kuitumia kihalali maadamu anafuata masharti. Kwa sababu hiyo siafiki desturi ya kubandika leseni huria kwenye kazi nzima kwa shauku ya siku moja. Anza na sura moja, wimbo mmoja au michoro mitano.

Mwalimu au mwandishi aliyeajiriwa aangalie pia mkataba wake, kwa maana kazi iliyotungwa katika kutekeleza ajira huwa ya mwajiri isipokuwa wamekubaliana vingine. Huwezi kugawa kisicho chako.

Kuhusu mapato, nasema wazi kwamba matangazo ya YouTube hayawezi kuwa tegemeo la mbunifu anayeanza. Ili kupata mgawo wa matangazo kwa njia ya video za kawaida, chaneli inatakiwa iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, na hata ikifika hapo malipo hutegemea watazamaji wako nchi gani. Wakati huohuo, bando la kupakia linalipiwa, na tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo "bure" ina gharama kwa mtoaji na kwa mpokeaji pia. Punguza ukubwa wa faili. Msomaji wa Yumbe, mbali na mji mkuu, atakushukuru. Wala usiweke watu wako wote mahali pamoja: Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, wabunifu ambao hawakuwa na orodha ya namba au barua pepe za wasomaji wao walitenganishwa nao ghafla.

Mwalimu wa Arua tulimsaidia kuandika barua kwa mchapaji, tukaambatisha ushahidi wa wenzake wawili waliokuwa wamehifadhi ujumbe wake wa awali pamoja na tarehe. Jibu bado halijafika. Mazoezi anaendelea kuyagawa bure, maana wanafunzi wanayahitaji, lakini sasa kila ukurasa una jina lake, mwaka, na sentensi moja inayokataza kuuza. Majibu na mwongozo wa kufundishia ameviweka katika kijitabu tofauti, na walimu wanamlipa kwa simu ndipo anawatumia.